Mwendo wa Mzee Amisi

Kila Jumamosi, Jecha Makame alikuwa mlemavu. Siku nyingine za wiki miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Alipanda taksi ya alfajiri kutoka chumba chake cha uani, mtaa wa Glenwood jijini Durban, akaenda Pinetown kushinda amepiga magoti katika karakana ya masofa, akivua vitambaa vilivyochakaa na kuvisha vipya. Alikuwa mtu wa Wete, Pemba, mwenye miaka arobaini na kidogo, mpole, mpenda utani, na mama yake huko nyumbani alijua tu kwamba mwanawe “anasaidia vijana wa michezo chuoni”. Hakuambiwa zaidi, na palikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa kichwa. Kichwa cha sponji, kikubwa kuliko debe, chenye tarbushi nyekundu, midomo iliyovimba, macho yaliyotoka nje na pete ya sikio. Jecha alikivaa pamoja na kanzu ya satini, akaingia uwanjani kabla ya mechi za raga za chuo kimoja pale Glenwood, na watu wakapiga kelele: Zanzi! Zanzi! Hicho ndicho kilikuwa kinyago cha timu, Mzanzibari wao, waliyerithishana tangu enzi za babu zao.

Kazi ilimfuata yenyewe. Kichwa kililetwa karakana kishonwe sikio, na walipojua fundi anatoka Zanzibar, walioleta walicheka mpaka wakashikana mabega. Térence, Mrundi aliyekuwa akikivaa, alikuwa anahamia Cape Town. Jecha akaambiwa ajaribu. Akajaribu, na tusidanganyane, alifurahi. Mtu aliyezoea kusukumwa kwenye foleni kwa sababu ni mgeni, akishangiliwa na watu elfu mbili kwa mpigo, utamlaumu kwa lipi?

Térence alimfundisha mwendo kwa siku nzima. Mguu wa kulia unaburuta. Hatua tatu, unasimama. Unashika nyonga, unatazama juu, unafungua mdomo. Kisha unazungusha kiuno, unaendelea.

“Usibadilishe kitu,” Térence alimwambia. “Mimi nilifundishwa hivi, na aliyenifundisha alifundishwa hivi. Watu wanakuja kuona hii.”

Na kweli walikuja. Jecha alipofika hatua ya tatu akatazama juu, jukwaa zima lilivunjika mbavu. Ilikuwa hivyo kwa miaka saba.

Aliyeanza kumharibia raha alikuwa Prodige, kijana wa Bukavu aliyesoma sheria pale chuoni na kuongoza kamati ya wanafunzi waliotaka kinyago kiondolewe. Alimfuata Jecha nyuma ya jukwaa, akimwita mjomba kwa Kifaransa.

“Tonton Jecha, ile mascotte iko inatutukana. Unaona zile midomo? Batu banacheka nani pale?”

“Mzanzibari hapa ni mimi,” Jecha akajibu. Jibu hilo alilipenda sana. “Mbona mimi sijatukanika?”

“Kwa sababu uko ndani ya kichwa, tonton. Uso yako hauione.”

Jecha alicheka, akakivaa kichwa. Wazee waliosoma pale zamani waliandika barua kwamba Zanzi ni heshima, wala hakuna Mzanzibari aliyewahi kulalamika. Uongozi wa chuo ukajifanya mwamuzi: kamati ilete saini ya mtu mmoja tu wa jamii hiyo aliyeumizwa, na kichwa kitaondoka. Saini ya Jecha haikufaa. Huwezi kula ngano ya mtu kwa miaka saba halafu useme unga wake una mchanga.

Basi kulikuwa na mwanamke mzee, mwenye buibui na sweta la kijivu, ambaye kila mechi ya nyumbani alikaa benchi la mwisho karibu na kona. Raga hakuitazama hata mara moja. Alimtazama Zanzi, na Zanzi akitoka uwanjani, naye alinyanyuka akaenda zake. Wenzake walipocheka, yeye aliziba mdomo kwa kiganja. Siku moja Jecha akaona amchekeshe kwa nguvu. Akaburuta mguu mpaka mbele ya benchi lake, akasimama, akashika nyonga, akatazama juu. Mwanamke yule akainuka. Si kwa hasira. Aliinuka kwa adabu, kama mtu anavyomwinukia mzee wake aingiapo chumbani.

Mwili ulimsisimka Jecha ndani ya satini. Tangu siku hiyo, kila alipofika hatua ya tatu, alihisi kuna mtu mwingine amesimama naye humo ndani ya kichwa, anavuta pumzi.

Alivumilia majuma matatu. Jumamosi ya nne, mechi ilipokwisha, alimuwahi yule mama langoni, akavua kichwa mbele yake.

“Shikamoo, bibi. Naomba uniambie nimekukosea nini.”

“Marahaba.” Kiswahili chake kilikuwa cha madrasa ya utotoni, kimekaa miaka mingi katikati ya Kizulu na Kiingereza. “Kiuno. Kile kiuno si chake. Vingine vyote ni vyake.”

“Vya nani?”

“Vya baba yangu.”

Waliketi kwenye ukuta mfupi, kichwa kikiwa chini baina yao. Aliitwa Bi Zulekha Amisi, wa Chatsworth, wa watu ambao Durban inawaita Wazanzibari: Wamakua ambao mababu zao waliokolewa kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa hapa kutoka Zanzibar, wakaishi upande wa Bluff mpaka serikali ya makaburu ilipowahamishia Chatsworth, yeye akiwa mtoto. Baba yake, Mzee Amisi, alikuwa mtunza uwanja wa chuo. Alikata nyasi, alichora mistari ya chokaa. Siku moja vijana walilisukuma kwa mchezo lile jiwe zito la kusawazishia uwanja, likampita juu ya mguu mpaka nyongani. Aliendelea na kazi, maana bila kazi nyumbani hapakuwa na chakula. Vijana wakaanza kumfuata nyuma, wakimwiga anavyotembea. Alipofariki, wakatengeneza kichwa.

“Na pale anapotazama juu?” Jecha aliuliza.

“Maumivu. Alikuwa akimwita Mola wake. Kila hatua tatu.”

Jecha aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani kuvua ngozi yake pamoja na kanzu. Hesabu ilimjia bila kuitwa: Jumamosi ngapi, hatua ngapi, watu wangapi wamekufa kwa kicheko mtu akimlilia Mungu.

“Sasa unakuja kufanya nini, bibi?”

“Picha yake sina. Alisema picha haramu, hakupigwa hata moja. Sauti yake imenipotea. Uso wake nao, eish, nikisema kweli, umenipotea. Miaka mitano iliyopita nilikuwa napita hapa nje, nikasikia kelele, nikachungulia. Nikamwona baba yangu anatembea.” Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. “Wanamcheka, nami nakaa nao. Unafikiri silijui hilo?”

Jecha hakulala vizuri tena. Jumamosi mbili mfululizo alisingizia homa. Pinetown, akiinuka kutoka sofani kwenda kuchukua mkasi, alijikuta amesimama katikati ya karakana, mkono umeshika nyonga, na wenzake wakimtazama. Mwishowe alimweleza Prodige yote.

Kijana alijishika kichwa kwa mikono miwili. “Tonton! Signature ya ule mama moja tu, na iko inaisha. Sisi hatakubali kuzungumza nasi. Wewe atakukubali.” Akampa karatasi.

Jumapili, baada ya adhuhuri, Jecha alipiga hodi Chatsworth. Bi Zulekha alivaa miwani, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, mezani penye kitambaa cha plastiki.

“Nikitia saini?”

“Kichwa kinatoka. Watakitupa, au watakichoma.”

“Na mwendo?”

“Hapa Durban ninao mimi peke yangu sasa.”

“Utamfundisha mtu?”

“Wallahi, sitamfundisha.”

Bi Zulekha alivua miwani. “Kwa hiyo nisiposaini, wataendelea kumcheka. Nikisaini, namzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.”

Jecha alikuja amejitayarisha kumbembeleza, na sasa aliona kubembeleza kungekuwa utovu wa adabu.

“Tembea kwanza nimwone,” mama akasema. “Bila kichwa. Bila kiuno.”

Jecha akatembea kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, toka jikoni mpaka mlango wa mbele. Hakuna aliyecheka. Katika kimya kile mwendo ulikuwa kitu kingine kabisa. Mguu ulikwaruza sakafu, na pumzi ya hatua ya tatu ilimtoka kwa kweli. Bi Zulekha alimfuata nyuma ameshika pindo la shati lake. “Taratibu zaidi,” alisema. “Mkono chini kidogo. Hapo.” Walirudi, wakaenda tena. Mara ya tatu hakumsahihisha chochote, na Jecha alisikia analia polepole mgongoni pake.

Kisha alirudi mezani akatia saini, akaikunja karatasi, akamtilia Jecha mfukoni kwa mkono wake.

“Siku aliyoanguka kule uwanjani nilikuwa na miaka tisa,” alisema. “Asubuhi nilisimama mlangoni nikamwita. Hakuwa akigeuka, nyonga ilimkataa. Nami nikanuna, nikaingia ndani kabla hajafika kona. Jioni waliniletea maiti. Leo nataka nisimame mpaka mwisho. Toka hivyo hivyo. Nitakuita. Usigeuke.”

Jecha akatoka. Jua la alasiri lilikuwa kali juu ya saruji, na mlima wa mtaa ule ulimpa mguu sababu ya kuburuta.

“Baba!”

Hatua tatu. Akasimama, akashika nyonga, akatazama juu. Akaendelea.

“Baba!”

Sauti ya pili ilikuwa nyembamba, ya kitoto. Machozi yalimtiririka Jecha mpaka kidevuni, na hakugeuka. Alipokuwa anaikata kona, sauti ikaja tena, safari hii ya haraka, ya mtu mzima aliyekumbuka jambo.

“Jecha! We Jecha!”

Hakugeuka. Jina lilimpita, akadhani anaitwa mtu mwingine wa mtaa. Alikuwa ameshavuka robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, na kushika mlango wa taksi, ndipo alipotambua kwamba Jecha ni yeye.

Karatasi ilikuwa mfukoni. Kona ilikuwa imeificha nyumba. Kurudi kungechukua dakika tatu tu, na aliogopa kurudi na miguu yake mwenyewe, si ya Mzee Amisi. Dereva akapiga honi. Akapanda.

Jumatatu alimpa Prodige karatasi, na mwezi haukwisha kichwa kiliondolewa. Bi Zulekha hajaonekana tena benchini. Namba yake Jecha anayo kwenye simu, lakini mpaka leo hajathubutu kumwuliza alimwitia nini.