Tulimkataza mama kazi zote ili apumzike, mifupa ikapungua

Wakuu, nawasalimu. Haya yametokea nyumbani kwangu, siongezi chumvi, na mpaka leo yananikera.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa na ndizi kule Meru, ukipanda kutoka Usa River. Mwaka juzi aliteleza shambani. Hakuvunjika kitu.

Ila sisi watoto tukafanya kikao kwenye group la familia. Uamuzi: mama ahamie kwangu mjini, Ngarenaro, asiguse jembe wala ndoo.

Mama akawa mtu wa kochi na TV. Tukajiona watoto wazuri sana.

Mwaka ukapita. Jumapili moja anainuka aende kanisani, akaegemea meza, mkono ukavunjika. Kuegemea tu, wakuu.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu, POP, wakampima mifupa, uimara wake umepungua mno. Akapewa dawa, tukatumwa kwa physio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole. Akaniuliza mama anafanya kazi gani nyumbani.

Nikajibu kwa kujidai, "Hafanyi chochote, anapumzika."

Akanitazama. "Kaka, wanaanga wakiwa huko juu miili yao haina uzito. Mifupa haibebi kitu, inaanza kupungua. Ndiyo maana kila siku wanafanya mazoezi, wanafungwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia, inawavuta chini ili miguu ibebe mzigo. Mama yako mmemfanyia hivyo hivyo, tena bila mazoezi."



Akampangia mazoezi: kuinuka kitini bila kushika, kupanda ngazi taratibu, kutembea.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Jirani ananiuliza kwa nini namkimbiza bibi kama kuruta. Nikaandika maelezo yote ya physio kwenye group, nikajibiwa na emoji ya maombi. Kaka yangu mkubwa Elibariki akapiga simu toka Dar: "Unamtesa mama."

Krismasi akaja mwenyewe. Akamkuta mama kwenye ngazi, akamshika mkono amrudishe ndani.

Mama akautoa mkono. "Elibariki, niache. Mlinihurumia mpaka nikavunjika. Sasa nirudisheni kwangu."

Kaka akakaa pale pale kwenye ngazi.

Tukamrudisha. Sasa anapanda kwenda kanisani kwa miguu, ndoo za maji tumemwekea mtu wa kumbebea kwa sababu mizigo mizito bado hajaruhusiwa. Kipimo cha mwisho kinaonyesha mifupa imeacha kupungua.

Ila vidole vya mkono ule havikunjiki vizuri. Kahawa anachuma kwa mkono mmoja, na kila nikimwona najisikia vibaya.

Nilichojifunza: kabla hujamkalisha mzazi wako, muulize mtaalamu, halafu muulize na yeye mwenyewe. Sisi hatukumuuliza hata mara moja.

Elibariki bado anaandika kwenye group "mama asichoshwe." Nimeacha kujibu.

Mliowahamishia wazazi mjini, wanashinda wakifanya nini? Na ndugu wabishi mnawawezaje? Mwageni uzoefu hapa, mimi nimechoka.