Choo cha Heshima

Wifi yangu aliuawa na heshima. Nimeambiwa mara nyingi nitafute neno la upole zaidi, na bado sijalipata kwa sababu silitafuti.

Kwetu Gusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Ni sehemu ya chinsoni, ile haya ya kuheshimiana ambayo pia inamkataza mzee kuingia nyumba ya mwanawe. Basi kaka yangu alipooa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, baba alitafuta mahali pa kuwachimbia choo chao. Shamba letu ni ukanda mwembamba unaoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Juu kuna boma, katikati kote ni chai. Kung'oa mistari miwili ya chai? Afadhali ungemwambia baba ang'olewe meno. Choo kikachimbwa chini kabisa, kwenye majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, hatua chache juu ya chemchemi tuliyochota maji sisi na majirani. Wachumaji wa chai nao wakakizoea.

Wifi alipokiona mara ya kwanza alisimama ghafla. "Kwetu Nyansiongo hawachimbi choo juu ya maji," aliniambia. Yeye hangeweza kumtajia baba mkwe choo hata kidogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, niliyewachorea watoto ubaoni picha za usafi, kwa hiyo nilimwendea mama. Mama akanikatiza: "Wewe ndiye utaongea na baba yako mambo ya choo?" Nikanyamaza. Hasira yangu inaanzia hapo, na inaanza na mimi.

Masika ya mwaka uliofuata yalinyesha bila huruma. Kuni zililowa, tukawa tunachemsha maji ya chai tu na kunywa mengine yakiwa mabichi. Baba ndiye aliyetangulia kuugua. Alitapika, akakataa chakula, macho yakageuka manjano kama kiini cha yai. Alilala wiki mbili, akaamka, akarudi kwenye chai yake. Majirani kadhaa waliugua hivyo hivyo na wakapona. Watu wakauona ni ugonjwa wa msimu, wa kuja na kwenda.

Kisha ukampata wifi, akiwa na mimba ya miezi saba.

Zahanati walimpa dawa za malaria, na tuliporudi wakampa zile zile, kwa sababu pale kila aliyeingia mlangoni alikuwa na malaria. Mama akasema anywe maji mengi yasafishe damu. Nani aliyachota? Mimi. Nilimpelekea kikombe baada ya kikombe, maji baridi ya chemchemi, nikijiona wifi mwema.

Asubuhi moja alianza kuropoka, asitutambue. Kaka alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai, upande wa Itumbe. Mimi na mama tulijaribu kumwinua tukashindwa. Baba alisimama uani kwenye mvua, hatua mbili kutoka mlango wa kaka, na hakuvuka kizingiti. Tukangoja mpaka akapatikana jirani wa rika la kaka, ambaye chinsoni haikumkataza kuingia, ndipo akabebwa hadi barabarani. Baba alikuwa analia. Hata kilio kile kiliniudhi.

Katika hospitali ya mjini, daktari alimfunua macho na kuniuliza tunachota maji wapi. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Hii ni homa ya ini, mwalimu. Kuna moja inaletwa na maji yenye uchafu wa choo, wanaiita aina ya E. Hatuna kipimo chake hapa, lakini ndiyo ninaishuku. Watu wengi inawaachilia. Mama mjamzito ndiye inayemmaliza."

Mtoto alizaliwa jioni hiyo akiwa amekufa. Mama yake aliishi hadi siku ya pili.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka kwenye chai. Niliwatazama waombolezaji wakiteremka na njia ile, wengine kwenda chooni, wengine kuchota maji. Nilirudi juu, nikasimama mbele ya baba na wazee wenzake.

"Baba, choo ulichochimba juu ya maji ndicho kilichomuua."

Shangazi akanivuta nguo. Baba alinitazama bila ukali wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Ulitaka nitumie choo kimoja na mke wa mwanangu?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Na uingie nyumbani kwake, umbebe."