Orodha Iliyoishia kwenye T

Naikumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo akanisamehe. Ni siku mama mmoja aliponiaibisha mbele ya watu pale Kamembe, mpakani upande wa Rwanda, miaka ya vita vya Congo. Wewe unayejifunza kuandika programu leo, kaa nikueleze, maana kiburi chako nakijua. Niliwahi kuwa nacho.

Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu nilikolelewa, nina diploma na ulimi mrefu. Ofisi yetu ilitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia. Majina yaliandikwa upande wa Congo, lakini daraja la Rusizi likifungwa, karatasi haikuvuka. Nikaombwa niunganishe kompyuta mbili kwa mawimbi ya redio, moja Bukavu, moja kwetu. Nikaandika maktaba ndogo kwa lugha ya C, yaani mkusanyo wa amri ambazo wenzangu wangezitumia bila kusumbuka na soketi, ule mlango ambao programu moja hupitishia maneno kwenda kwa nyingine. Amri zangu zilikuwa nne tu: fungua, tuma, pokea, funga. Nilizionea fahari, nikamwonyesha kila aliyepita, hata mfagizi.

Sasa sikiliza kosa. Ukiipa soketi herufi elfu moja, inaweza kuchukua mia saba tu, kisha inakurudishia namba: nimechukua hizi, zilizobaki lete tena. Namba hiyo mimi niliitupa. Amri yangu ya kutuma haikurudisha neno lolote, iwe imefika, iwe imekatika. Niliona habari za makosa zitawachosha watu bure, na sote tulikuwa tumechoshwa na habari mbaya. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi wangu nilimuua, halafu nikajisifu kwamba kazi yangu haina kelele.

Kila Jumatatu orodha ilitoka kwenye printa, tukaibandika ukutani. Maman Uwera, yaani mama yake Uwera, mkulima wa Mururu, aliteremka kwa miguu kila Jumatatu kutafuta jina la binti yake, ambaye mkono wake ulimponyoka msituni watu walipokuwa wakikimbia. Jumatatu ya nne hakuondoka. Aliingia ofisini na matope mpaka magotini, akaipiga karatasi mezani.

"Hii liste yenu inaishia ku T," alisema. "Mu Congo muzima hakuna Uwimana hata moja? Hakuna Umutoni? Batoto bote ba U balikufa?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mashine haikosei. Haya inanishika hata leo ninapolitamka hilo.

"Mademoiselle, mimi sikusoma sana," akasema, "lakini liste ya Banyarwanda yenye haina U ni ya bongo, ni uongo. Sitoke hapa." Akaketi pale pale mlangoni, watu wakawa wanamruka.

Alisema kweli, mwanangu. Ita jina moja la U sokoni Kamembe, watageuka kumi. Nikamwita kwa redio mwenzangu wa Bukavu anisomee mwisho wa orodha yake, akaniambia U peke yake ni kurasa mbili. Kurasa mbili! Majuma yote yale watoto walikuwa wameandikwa, na amri yangu ilikuwa ikiwaacha njiani bila kusema neno.

Mkuu wetu alinivuta kando. Akataka nirekebishe kimya kimya, orodha ijayo itoke kamili, na wale akina mama waliokuja kila Jumatatu kusoma orodha wasiambiwe lolote, ofisi isije ikachekwa. Nikamwambia hapana. Alinikumbusha nani aliniajiri. Nikamkumbusha nani wameketi nje. Nikatoka, nikasimama mbele yao, nikasema orodha zote zilikatwa, na kosa ni langu, si lao wala si la watoto wao. Mmoja alinitemea mate. Nilikuwa nimestahili.

Kisha nikaibomoa kazi yangu na kuijenga upya. Amri ya kutuma ikalazimika kusema imechukua kiasi gani, na kilichobaki kikatumwa tena mpaka kiishe. Mtandao ukikatika, iseme umekatika. Orodha ikatanguliwa na idadi ya majina, na upande wa pili usiseme imefika kabla ya kuhesabu. Mkuu akanung'unika kwamba zamani mashine ilikuwa safi, sasa inalalamika kila siku. Nikamwambia zamani ilikuwa inadanganya, na akitaka uongo atafute mwandishi mwingine. Hakumpata.

Jina la Uwera lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa zile kurasa mbili. Daraja lilipofunguliwa aliletwa, msichana wa miaka minane, mama yake akamshika hadi nikadhani atamvunja. Baadaye mtoto alinijia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maman, nilisema jina yangu mubaya? Nilibaambia mara tatu."

Alikuwa amekaa kule majuma yote akidhani kosa ni la mdomo wake. Nilipiga magoti, nikamwambia alilisema vizuri, ni mimi niliyelipoteza. Sijui kama aliniamini.

Basi shika hili. Unapounda kitu ambacho wengine watakitegemea bila kuona ndani yake, kiache kiseme kimeshindwa, na kiseme kimeshindwa wapi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakubwa watakuomba ukinyamazishe ili kipendeze. Kataa, hata ukibaki peke yako, hata mkate wako ukiwa mikononi mwao. Na mtu asiyejua kazi yako akikwambia kuna kitu kimepungua, usimwonyeshe diploma. Hesabu upya.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe shingo ngumu mbele ya wenye nguvu na laini mbele ya wenye uchungu, na kila mtoto atakayepita katika kazi ya mikono yako afike mzima, na jina lake lote.