Kicheko cha Mke Wangu

Mke wangu alifariki asubuhi ya Jumatano, akiwa anafunga mtandio mbele ya kioo atoke kwenda sokoni Marikiti. Alisema, "Kichwa," mara moja tu, kama mtu aliyekumbuka kitu, akaketi kitandani. Kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Kwa mtu kama yeye, kuondoka kwa neno moja kulikuwa jambo la ajabu. Kutoka nyumbani kwetu Kuze hadi Marikiti si mbali, lakini yeye alitumia saa nzima njiani. Alimsalimu kila mtu, na salamu zake hazikuwa za kupita. Kwa muuza samaki aliuliza habari ya goti la mamake. Kwa mwalimu wa madrasa aliuliza kama yule mwanafunzi mtoro amerudi. Wageni waliopotea vichochoroni aliwaleta nyumbani wakanywa chai, wakaondoka na mahamri kwenye karatasi, nami juu nikisikia lugha nisizozijua zikicheka ukumbini kwangu.

Mimi ni mtu wa kimya. Hutengeneza cherehani, na cherehani husikilizwa kabla ya kufunguliwa: nikizungusha gurudumu mara mbili najua kama ni sindano, ni meno, au ni mafuta yamekauka. Miaka yote ya ndoa yetu mke wangu alizungumza kwa niaba yetu sote wawili.

Hata yeye nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa kijana, nimeinamia kazi nyuma ya duka, nikasikia mtu akicheka mlangoni. Kicheko kilianza chini kama kikohozi, kikapanda vidato vitatu, kisha kikakatika ghafla kule juu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilipoinua kichwa niliona wasichana wawili na cherehani iliyokatika mkanda, wameibeba kwa zamu kutoka Majengo.

"Nani aliyecheka?" nikauliza.

Mmoja akanitazama machoni. "Ni mimi. Kwani hapa kucheka ni haramu?"

Mwaka haukwisha nikamwoa. Mwenzake, mwenye cherehani, alikuwa shoga yake tangu darasa la kwanza, na ndiye aliyempaka hina siku ya harusi.

Baada ya khitma watu walitawanyika, nikabaki na nyumba. Yule shoga yake, ambaye naye alikuwa amefiwa na mumewe zamani, akawa anakuja kila Ijumaa kunipikia. Kwa kuchunga heshima, bibi wa nyumba ya mkabala alikuja kuketi naye, na mlango wa mbele tuliuacha wazi. Nguo za marehemu nilimpa yeye, kwa kuwa kimo chao kilikuwa kimoja.

Ijumaa ya tatu nilikuwa nimerudi kutoka msikitini, nimejinyoosha ghorofani. Jua liliingia kwa mistari kwenye dirisha. Nikasikia kicheko cha mke wangu kikitoka chini.

Sisemi kilifanana na chake. Nasema kilikuwa chake: kikohozi, vidato vitatu, kukatika. Ulimi ulitangulia akili, nikaitika kama nilivyoitika siku zote: "Kuna nini huko?"

Mwiko uliokuwa ukikwangua sufuria ukanyamaza.

Nikateremka ngazi nimeshika ukuta. Jikoni alisimama mwanamke, kanipa mgongo, kavaa dera la manjano la mke wangu na leso yake kiunoni. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Alipogeuka alikuwa ni shoga yake, mkono kauweka mdomoni. Bibi wa mkabala alikuwa akivuta tasbihi, macho chini.

"Nani aliyecheka?" nikauliza.

"Hakuna aliyecheka, shemeji."

Nilirudi juu. Nikajiambia kwamba huzuni ina sauti zake. Ijumaa iliyofuata walizungumza kwa kunong'ona, wala sikusikia kitu.

Lakini Jumatatu, nikifungua dirisha, bibi wa mkabala aliniita kutoka kwake. Madirisha yetu yanatazamana kiasi kwamba watu wawili wakinyoosha mikono wangeweza kupeana chumvi.

"Mwanangu, jana alasiri ulikuwa na wageni?"

"Jana alasiri nilikuwa dukani, bibi. Nyumba niliifunga."

"Basi Mungu anisamehe. Masikio ya uzeeni haya."

"Ulisikia nini?"

"Usiniulize," akasema, akavuta pazia.

Siku zile niliishi kwa masikio. Nilisikia maji kwenye tangi, mbao za dari, paka kwenye bati. Nilipika chai nikaisahau. Ijumaa ilipofika sikungoja juu, niliketi ukumbini, bibi akiwapo, nikamwambia shoga yake, "Jumapili ulikuja hapa?"

"Sikuja, shemeji. Nilikuwa Majengo, nashona sare. Waulize majirani."

"Na ile Ijumaa nyingine? Nambia kweli. Mimi masikio yangu nayajua."

Alikuwa akichunga unga. Akaweka chekeche chini, akajifuta mikono kwa leso, akakaa kitako sakafuni.

"Siku ile dukani kwako, tulipoleta cherehani," akasema, "aliyecheka ni mimi."

Sikuelewa. Akaendelea, akiutazama unga vidoleni.

"Tulipokuwa twarudi, akanambia: yule fundi nimempenda, naye amependa kicheko chako. Niachie. Nikamwambia, kicheko huachwaje? Basi jioni tukawa twaenda ufukweni Mama Ngina, twakaa mawe ya upande wa bahari. Mimi nacheka, naye anifuata. Nacheka, anifuata. Watu walituona wendawazimu. Mwisho akakipata, akakipata kunishinda mimi. Akaniapisha nisikicheke tena mbele yako. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote. Nilidhani kimeshakufa. Ijumaa ile bibi alinipa kisa cha mkwewe, nikasahau. Kilitoka chenyewe, shemeji. Hata mimi kilinitisha. Nilisikia ni yeye."

Aliyesikika Jumapili katika nyumba iliyofungwa hakumjua, wala mimi simjui mpaka leo.

Nikamuuliza swali ambalo sikujua kwamba nalitaka: "Na yeye? Kabla ya hapo alicheka vipi?"

Alifikiri. Kisha akaziba pua nusu kwa vidole viwili, akatoa kicheko chembamba, cha puani, kidogo kidogo, kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda na hataki kupatikana.

"Audhubillahi," bibi akasema.

Mimi nilikijua kile kicheko. Mke wangu alikuwa akicheka usingizini. Mara ya kwanza ilikuwa siku za mwanzo za ndoa: niligutuka nikamsikia akicheka vilevile, puani, macho yamefungwa, na sauti haikuwa ya mtu ninayemjua. Nilidhani ni shetani. Nikamsomea Ayatul Kursi, nikampulizia kwenye paji la uso mpaka akatulia. Asubuhi sikumwambia, nisimtie hofu. Na kila kiliporudi, mwaka hadi mwaka, nilikisomea kiondoke. Mwishowe kiliondoka. Nikamshukuru Mungu.

Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani. Aliyekuwa karibu ni huyu shoga yake. Nikamwambia aende, na wali ungali motoni. Akavaa buibui lake, akaenda. Ijumaa mbili hakuja. Bibi aliniletea chakula, hakuingia ndani.

Alasiri moja nilifunga duka mapema nikaenda Mama Ngina. Nilitaka kuyaona yale mawe. Watu walikuwa wengi, familia zimekaa kwenye mikeka, moshi wa mihogo umetanda. Nilisimama kwenye ukuta nikitazama maji yakipanda na kushuka. Muuza mihogo mmoja, mtu mzima mwenye kofia, akawa ananitazama.

"Wewe si mume wa yule mama mcheshi wa Kuze? Ulikuja naye siku ya Idi. Yuwapi siku hizi?"

Nikamwambia. Akaacha kupepea makaa, akasema inna lillahi, akaketi kwenye kreti yake. Alijua jina lake, na jina la baba yake, na kwamba hapendi ndimu nyingi.

"Alikuwa akija peke yake," akasema. "Akishanunua huenda kukaa pale wanapotua mwewe," akaonyesha kwa kidevu mwamba mmoja wenye kinyesi cha ndege. "Mtu wa maneno vile, pale hakuongea na mtu. Akicheka tu."

"Akicheka vipi?"

"Kidogo kidogo. Kipua-pua hivi. Sisi twadhani yuko kwenye simu, lakini mikono mitupu. Alikuwa akimaliza, ajipanguse machozi, ndipo aja kutuaga."

Nilitazama ule mwamba muda mrefu. Haukuwa na kitu juu yake, ila sikuweza kuupa mgongo. Mwishowe nilinunua mihogo ya watu wawili, pilipili nyingi, nikatembea hadi Majengo.

Shoga yake alinifungulia mlango mwenyewe, cherehani nyuma yake imewashwa taa. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikiwa nimesimama pale barazani, majirani wakitazama, nilimweleza yote: mwamba, muuza mihogo, na zile dua zangu za miaka.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa leso.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua. Angenambia tu, ningekichukua changu."

Nikamwomba msamaha kwa siku ile ya wali. Akatoa kigoda, akakiweka barazani. Tukafungua karatasi ya mihogo katikati yetu, tukala hadi adhana ya magharibi ikaanza, nami nikanyanyuka kwenda kuswali.