Alama ya X kwenye Milango ya Ggaba

Jua la Jumamosi linachomoza upande wa Luzira, na Séraphine Nabintu tayari amepiga magoti mchangani.

Mbele yake kuna neti kuukuu iliyotandazwa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa ambao mkazi wa Kampala huwajua kwa harufu kabla ya kuwaona. Anawageuza kwa viganja, haraka, bila kuwavunja. Siku nyingine angekaa hapa mwaloni, ufukwe wa wavuvi wa Ggaba, mpaka wakauke. Leo anamwachia mwenzake kazi hiyo, ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha anavaa fulana ya bluu ya wahamasishaji wa afya.

"Wasije wakasema matone yananuka samaki," anasema na kucheka kidogo.

Kicheko hakidumu. Adhuhuri ya leo mwenyekiti wa mtaa amesema atafika na polisi kwenye ua mmoja wa vyumba vya kupanga, karibu na mwalo. Humo wanaishi familia tisa kutoka mashariki mwa Kongo. Katika ripoti ya kampeni ya chanjo ya polio, zote tisa zimeandikiwa neno moja: wamekataa. Séraphine ana asubuhi hii tu ya kuwafanya wafungue milango kwa hiari yao.

"Polisi wakiingia, watoto hawatapata chanjo leo wala kesho," anasema akifunga kamba za viatu. "Hawa ni watu waliokimbia bunduki. Wakiona sare watafunga mizigo yao wahame. Mimi nitawatafuta wapi?"

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Mwaloni wanamwita Mama Tresor, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alitoka Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Anauza mukene kwa vikombe, na siku ikiwa nzuri hubaki na shilingi elfu kumi na tano za kulipia chumba, chakula na ada za watoto watatu. Kazi ya uhamasishaji haina mshahara. Siku za kampeni hupewa nauli, na nauli hiyo wakati mwingine hufika kampeni ikiwa imeshasahaulika.

Anapoulizwa kwa nini anaendelea, anamtaja binamu yake.

"Alikuwa akitembea kwa mikono. Alivaa kandambili mikononi, kama wewe unavyovaa miguuni. Tulipokuwa watoto tulidhani ameumbwa hivyo. Nilipofika hapa, mwuguzi akanieleza kwamba ilikuwa polio, na kwamba matone mawili yangeizuia. Nililia siku ile. Nikamwambia Mungu, kama ni matone mawili tu, mimi nitatembea."

Na ametembea. Kituo cha afya kilimhitaji mtu anayejua Kiswahili cha Wakongo na Luganda cha sokoni, naye akapatikana.

Tatizo la safari hii lilianza Jumatano. Timu ya chanjo ilipita nyumba kwa nyumba ikiwa na kisanduku cha barafu na chaki. Kawaida yao ni hii: nyumba ambayo watoto wote wamepata matone hupigwa alama ya vema mlangoni. Nyumba ambayo watoto hawakuwepo hupigwa alama ya X, ili timu ijue inapaswa kurudi.

Walipofika kwenye ua ule, vyumba vya Wakongo vilikuwa vimefungwa. Akina mama wa pale hufunga na kusali kila Jumatano, na watoto huenda nao kanisani. Séraphine mwenyewe husali huko, ila siku hiyo aliomba ruhusa kwa sababu ya kampeni.

"Nilijua wako kwenye maombi. Nikasema tutarudi kesho. Chaki nilikuwa nayo mimi, nikapiga X mlango baada ya mlango."

Siku ya pili timu ilirudi. Chaki ilikuwa imeoshwa kwa maji na sabuni, mbao zikiwa bado na unyevu. Hakuna aliyefungua. Ndani watoto walisikika wakinyamazishwa.

Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Ijumaa mjadala ulihamia kwenye kizindalo, kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti, ambacho Ggaba yote hukisikia itake isitake. Mwenyekiti, Mzee Sulaimani, alizungumza kwanza. Alisema sheria ya Uganda inamtaka mzazi achanje mtoto wake, na anayefuta alama za serikali atajibu mbele ya polisi Jumamosi. Mtu mmoja akapiga simu kusema matone yanapunguza uzazi. Mwuguzi Teresa Lamwaka alimjibu kwamba yeye mwenyewe aliyapata utotoni na sasa ana watoto wanne, aje awalee kama anaona ni wachache.

Kisha akapanda Jean-Claude, fundi cherehani, baba wa pacha, mmoja wa wakazi wa ua ule. Hakupaza sauti.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Mke wangu ana homa. Nilimpeleka nikapanga mstari tangu asubuhi, nikaambiwa dawa imekwisha, nikanunue. Kwa homa, mimi nawafuata nyinyi. Kwa matone, nyinyi mnanifuata mpaka mlangoni, na sasa na polisi. Hayo matone yana nini ambacho mke wangu hana?"

Ggaba yote ilimsikia.

"Alichosema ni kweli," anasema Séraphine.

Sasa anaingia kwenye ua. Nguo zimeanikwa, jiko la mkaa linafuka moshi, lakini milango imefungwa. Anabisha kwa Victoire, mama wa watoto watatu anayeimba naye kwaya moja.

"Hodi, mama."

Sauti inatoka ndani: "Uko na nani, yaya?"

"Niko peke yangu. Hata chaki sina."

Mlango unafunguka kiasi cha uso. Victoire ni mdogo kuliko Séraphine, ndiyo maana anamwita yaya, dada mkubwa. Hamkaribishi, wala hamfukuzi.

"Kwaya unakuja kesho?" anauliza Séraphine.

"Nani ataimba sauti ya juu kama sikuji? Wewe?"

"Mimi nikiimba sauti ya juu, watu wataokoka kwa woga."

Victoire anacheka bila kutaka. Kisha anasema jambo ambalo halikusemwa kwenye mkutano wowote wala kwenye kizindalo.

"Yaya, dawa mi siogopi. Batoto bangu walipata matone kwetu, nilibeba mwenyewe. Naogopa mulango. Kwetu walipita mchana, wakachora milango kwa makaa. Si yote. Ya watu fulani tu. Usiku wakarudi kwa ile milango iliyochorwa. Sasa Jumatano tunatoka kwa maombi, tunakuta X kwetu sisi Wakongo, na kwa Waganda hakuna. Kwao kuna alama ingine, nzuri. Wewe ungefungua?"

Séraphine anakaa chini kizingitini. Kwao Kalehe alikimbia vita kabla mambo ya namna hiyo hayajafika, hakuwahi kuyaona kwa macho.

"Ni mimi niliyechora," anasema hatimaye.

"Tunajua. Hiyo njo iliuma zaidi."

Séraphine hamwombi afungue. Anamwomba amsubiri kidogo, kisha anatoka mbio kuelekea safu ya vyumba vya nyuma, kwa Odero, Mkenya anayeuza vyombo vya plastiki. Jumatano Odero aliwapeleka watoto wake kwenye maduka ya Kikuubo, katikati ya mji, kuwanunulia viatu vya shule, kwa hiyo naye alipigwa X. Timu iliporudi siku ya pili ikawakuta, wakapata matone, na vema ikachorwa kando ya ile X. Odero hakuosha kitu. Alama zote mbili bado zipo.

Anatoka na mswaki mdomoni.

"Mama Tresor, hata chai sijanywa."

"Chai utainywa baadaye, baba. Njoo uwaonyeshe watu mlango wako."

"Mlango wangu umefanya nini tena?"

Baada ya muda mfupi akina mama watano na mzee mmoja wamesimama mbele ya mlango wa Odero, wengine wamejifunga kanga mabegani, wakiutazama kama watu wanaotazama maiti ya jirani. Séraphine anaeleza polepole: hii X iliandikwa lini, hii vema iliandikwa lini, na kwa nini.

"Na wewe ulipoikuta hukuogopa?" Victoire anamwuliza Odero.

"Niliogopa sana. Nilidhani ni watu wa umeme, wanakuja kunikatia."

Yule mzee ndiye anayeanza kucheka, kisha wote. Lakini Victoire anaendelea kuugusa mlango kwa kidole, palipo na ile X, kama anayetaka kuhakikisha kwamba kweli ni chaki.

"Basi ilikuwa ya kurudi tu," anasema.

"Ya kurudi tu, mdogo wangu. Nisamehe."

Teresa anapofika na kisanduku cha barafu begani, anamkuta Victoire uani akiwa amemshika kitinda mimba wake. Ana sharti moja: mlangoni kwake isiandikwe chochote, hata vema. Utaratibu unataka alama. Teresa anafikiri, anatazama wino wa kupaka kidole cha mtoto aliyechanjwa, kisha anasema, "Kidole kinatosha. Ya ripoti niachieni mimi."

Mtoto anafunguliwa kinywa, matone mawili, analia, ananyamaza. Milango mingine inafunguka mmoja baada ya mwingine.

Mzee Sulaimani anawasili kabla ya adhuhuri na askari mmoja. Séraphine anakwenda kuwalaki nje ya ua, anapiga magoti kidogo kwa heshima kama desturi ya hapa inavyotaka, lakini haondoki njiani.

"Chairman, wamefungua wenyewe. Imebaki milango miwili. Nakuomba, ssebo, huyu mwenye sare akae hapa nje."

"Mama Tresor, mimi si mtu mbaya," anasema mzee. "Polio ikitokea hapa hawatakuuliza wewe. Wataniuliza mimi."

"Najua. Ndiyo maana sitaki wakimbie wakaipeleke kwingine."

Mzee anautazama mstari wa akina mama uani, na vidole vya watoto vyenye wino. Anamwambia askari akatafute chai. Askari haonyeshi kuhuzunika.

Mlango wa kwanza uliobaki ni wa Jean-Claude. Cherehani inasikika ndani. Séraphine habishi. Anamgeukia mwuguzi.

"Musawo, una kipimo cha malaria kwenye mfuko?"

"Ninacho, lakini leo nimetumwa chanjo. Nikianza kutibu, mtaa wote utapanga mstari."

"Uache upange. Yule mtu aliuliza swali mbele ya Ggaba yote na hatukumjibu."

Wanatazamana. Wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na Teresa anamjua Séraphine akiwa na sura hiyo. Anafungua mfuko.

Cherehani inanyamaza. Jean-Claude anawaruhusu waingie. Mkewe amelala kando ya ukuta, midomo imekauka. Teresa anamtoboa kidole, wanasubiri, na kipimo kinaonyesha malaria. Anampa dawa, anamwandikia barua ya kwenda kituo kikubwa kama homa haitashuka. Hakuna anayetaja polio. Séraphine ameinamisha kichwa na midomo yake inatikisika kidogo, anamwombea mgonjwa.

Ni Jean-Claude mwenyewe anayewabeba pacha, mmoja kila mkono, na kuwaleta mlangoni penye mwanga.

"Si kwamba nimeshindwa hoja," anasema.

"Hujashindwa," anamjibu Séraphine. "Mwezi ujao kuna mkutano wa afya wa parokia, ule wa viongozi wa serikali. Uje uiseme tena, na mimi nitakaa karibu yako."

"Mbele ya wakubwa?"

"Kwani kwenye kizindalo ulisema mbele ya nani?"

Mlango wa mwisho haujafungwa kwa ndani. Unaposukumwa, chumba ni kitupu. Pazia halipo, jiko halipo, imebaki ndoo iliyopasuka. Hapa alikuwa akiishi Reine, mjane kijana mwenye mtoto wa miezi saba. Victoire anasema aliondoka jana usiku, baada ya kusikia kwamba polisi watakuja. Simu yake haipatikani. Huenda yuko Luzira, kwa ndugu wa marehemu mumewe, lakini hakuna mwenye uhakika.

Séraphine anaiinua ile ndoo na kuiegemeza ukutani. Mwenyekiti anabaki nje, kofia mkononi.

Jioni amerudi mwaloni. Mukene wamekauka vizuri, mwenzake amewakusanya kwenye magunia. Watoto wa familia nane wana wino vidoleni. Wengine wangeita siku hiyo ushindi, lakini yeye anazungumzia kampeni ijayo: atawaomba viongozi isipangwe Jumatano, alama zisichorwe kwenye milango ya watu kabla hawajaelezwa maana yake, na mwuguzi asiingie nyumbani kwa mtu na matone peke yake bila dawa ya homa.

"Watakataa mara ya kwanza," anasema. "Nitarudi."

Kabla ya hayo, kesho baada ya ibada anakwenda Luzira. Hana anwani. Ataanzia kwenye makanisa ya Wakongo, atawauliza wanakwaya, kwa kuwa Reine naye ni mwimbaji na hawezi kukaa kimya Jumapili nzima. Asipompata ataenda tena wiki itakayofuata.

"Nikimkuta sitaanza na chanjo," anasema Séraphine, akilinyanyua gunia begani. "Nitaanza na pole."