Sanduku la Umeme Chumbani kwa Mama Mkwe

"Usinieleze habari za waya," Mastulah alisema. "Waya mimi sijauona? Umenililia juu ya kichwa kama sambusa kwenye mafuta, ukadondoka mezani, ukatoboa kitambaa alichoniletea marehemu babako kutoka Kikagate. Niambie jambo moja tu. Waya wa gereji ulikuwa unatafuta nini kwenye taa ya sebuleni?"

"Ngoja nimuulize," Zam alisema.

"Usimuulize. Anasikia. Yule masikio yake ya sungura."

Kweli alikuwa anasikia. Wahabu, mume wa Zam na fundi wa umeme, alikuwa amechuchumaa nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, koleo na kisu cha kuchunia waya magotini. Kati yake na mama mkwe wake palikuwa na ukuta wa matofali, dirisha lenye pazia, na Zam mwenyewe, amebeba mtoto mgongoni.

"Zam," alisema polepole, "mwambie Mama kwamba taa ndiyo ilikuwa karibu."

"Mwambie mumeo hata kaburi liko karibu."

Nyumba ilinuka mpira ulioungua. Waya ule mwembamba, uliozoea kulisha taa moja, ulikuwa umelishwa mzigo wa chaja tatu kwa siku nne. Siku ya tano, asubuhi hiyo ya Jumatano, uliyeyuka. Moshi uliingia mpaka kwenye sufuria ya chai. Kule nyuma, kwenye kibanda cha gari ambacho mtaa mzima unakiita gereji, betri tisa za watu zilikuwa zimekaa juu ya mbao, hazijafika hata nusu. Na kesho, baada ya swala ya adhuhuri, lori la mahindi lingezipakia kuzirudisha kambini Nakivale. Chaja moja hubeba betri tatu, na betri inataka kutwa na kucha ndiyo ijae. Hesabu hiyo haihitaji shule, na Mastulah hakuiendea shule hata siku moja: kama gereji haikupata umeme kabla ya saa sita mchana huo, kesho lori lingebeba mawe.

Gereji ile ilijengwa na mumewe, Jamiru, kwa ajili ya Pijo yake ya abiria. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipopita Mbarara, Pijo iliondoka na watu wenye bunduki. Mastulah husimulia kwamba gari lilipiga honi mara tatu kumuaga na taa zake zilikuwa zinatoka machozi. Miaka minne baadaye Jamiru naye akaondoka, kwa homa. Kikabaki kibanda kitupu na chaja moja nzito kama mtoto wa ng'ombe. Ndipo siku moja mkimbizi kutoka Nakivale akapita anasukuma baiskeli, betri ya gari imefungwa kwenye keria kwa mpira, anauliza nani atamtilia moto ili redio yake iseme. Mastulah akamwambia, weka hapo. Hakujua hata upande wa kuanzia. Alibahatisha, na bahati ikamkubali.

Tangu siku hiyo betri hazikukoma. Za wakimbizi wa Nakivale, za wake za askari wa Makenke wanaotaka muziki jikoni, za wafugaji wa Kakiika. Kwa kuwa hasomi, kila betri aliifunga kitambaa chake: kipande cha gauni kuukuu la gomesi la huyu, ukingo wa leso ya yule, na hakuwahi kukosea. Wateja aliwaambia kwamba umeme wake ni mbichi, unatoka bwawani Jinja moja kwa moja bila kupumzika njiani, wakati wa wengine hupitia kwenye mabaa ukafika umechoka. Kuna mzee, alisema, ambaye betri yake ilijaa kupita kiasi, akaiunga na redio siku ya Jumatano ikamsomea matangazo ya vifo ya Ijumaa. Akaenda kutoa rambirambi, akamkuta marehemu anakunywa uji, na wakagombana.

Watu walicheka, wakarudi. Mwaka huu wa themanini na nane kazi ilimzidi, akatafuta chaja mbili zaidi, akamwomba mkwewe aitilie gereji waya wake yenyewe. Alimchinjia jogoo. Wahabu alikula jogoo, akapiga misumari siku mbili, akasema tayari.

"Nilimwambia waya mnene utoke kwenye sanduku la fyuzi," Mastulah alisema sasa. "Nilimwambia au sikumwambia?"

"Ulimwambia, Mama."

"Akaitika au hakuitika?"

Zam alikaza kitambaa cha mtoto mgongoni.

Sanduku lenyewe ndilo lililokuwa shida, na kila mtu ndani na nje ya ukuta ule alijua. Jamiru, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuogopa wezi. Umeme ulipofika, aliwaambia mafundi waweke mita na fyuzi chumbani, juu ya mto wake, kwa sababu mtu hawezi kuibiwa kitu kinachomlia masikioni. Na chumba kile sasa ni chumba cha Mastulah. Kitanda chake kimo, nguo zake za ndani zimo. Mkwe wa kiume kwao hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye chumba kimoja, hapiti alipo mpaka atoke kwanza. Kuingia chumba anacholala, hilo hata halisemwi. Anayevunja mwiko huo hupatwa na ugonjwa wa kutetemeka: mikono inacheza yenyewe, kikombe hakifiki mdomoni, mpaka kufa. Kwa mkulima ni msiba. Kwa fundi wa umeme ni sanda.

"Shehe Kasim amesema kwenye dini hakuna kitu hicho," Zam alisema. "Amesema mama mkwe ni kama mama mzazi, hata mkono unaruhusiwa kumpa."

"Shehe Kasim huyo huyo alikutana na mama mkwe wake sokoni akajificha kwenye tenga la nyanya. Alitoka mwekundu, watu wakadhani amechinjwa. Asinifundishe."

Nje, Wahabu alikohoa. "Zam, mwambie Mama mkono wangu ndio jembe langu. Ukinitetemeka, wewe na mtoto mtakula nini? Mimi hapana ingia chumba ile."

"Sikusema aingie," Mastulah alisema, na sasa alikuwa amesimama, sauti imeshuka, jambo ambalo Zam alilijua tangu utoto kuwa baya kuliko kelele. "Nani alisema aingie? Angesema tu. Angekwambia wewe, wewe ungeniambia mimi: Mama, sanduku liko mahali nisipofika, tafuta fundi mwingine. Ningemwita Ignatius. Ignatius ni mlevi, aliwahi kuunga nyumba ya watu, wakawasha taa, mbuzi wa jirani akapigwa na umeme, lakini angeingia. Huyu wako aliona haya kusema, akaiba moto kwenye taa yangu, akafunika kwa ubao na rangi ili nisione. Siku nne nimekaa chini ya waya ule nasimulia watu habari za Jinja. Haya imempofusha, na upofu wake ungenichoma mimi."

"Basi muite Ignatius."

"Ignatius yuko Kikagate, amefuata pombe, atarudi Jumamosi. Kituo cha mafuta kule chini kina foleni ya betri mpaka wiki ijayo, nimeshauliza. Umeona mimi ni mtu wa kukaa bila kuuliza?"

Zam akamshusha mtoto, akaketi juu ya mkeka. Uso wake nao ulikuwa umekunjwa. "Kila siku Zam mwambie, Zam mwambie. Nimekuwa waya wenu mwembamba. Wewe unanipitishia moto kutoka huku, yule kutoka kule, na hakuna anayeuliza kama naungua. Rudisha hizo betri, Mama. Waambie umeme umekatika mji mzima. Wewe hukosi la kuwaambia."

Hapo ndipo alipopagusa pasipoguswa.

Kwenye gereji, betri ya mwisho kabisa karibu na mlango ilikuwa imefungwa kipande cheupe cha shuka. Ilikuwa ya Topista, mkunga wa kule Nakivale, mwanamke mrefu asiyecheka kwa hadithi yoyote. Juma lililopita aliileta mwenyewe, akaiweka chini taratibu kama anayeweka mtoto. "Bibi," alisema, "mimi ninazalisha kwa taa ya betri. Tadooba ya mafuta ya taa inaniletea moshi mu macho, sioni damu inatoka fasi gani. Na mwezi huu batoto ni mingi." Mastulah alifungua kinywa amwambie habari ya redio na marehemu mwenye uji. Hadithi ikamkwama. Akasikia mdomo wake unasema: "Alhamisi itakuwa imejaa. Isipojaa, niite mwongo." Topista alimtazama kidogo, akasema sawa, akaenda zake.

Uongo alioutunga Mastulah maishani mwake ungeezeka nyumba kumi, na hakuna hata mmoja uliomnyima usingizi. Lakini lile halikuwa hadithi. Lilikuwa neno.

"Mkunga hafanyi kazi kwa umeme uliokatika mji mzima," alisema. "Inuka."

"Wapi?"

"Inuka tubebe kitanda."

Zam hakuelewa, akaeleweshwa kwa kuvutwa mkono. Chumba ni cha mama mkwe kwa sababu mama mkwe analala humo. Kitanda kikitoka, nani analala? Hapana mtu. Chumba kisicholala mtu ni ghala, na hakuna mila inayomkataza mkwe kuingia ghalani. Mastulah alilisema hilo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Chini ya dirisha Wahabu aliweka koleo chini. Kisha: "Zam, mwambie Mama kitanda peke yake haitoshi. Nguo je?"

"Nguo zangu?" Mastulah aliliambia pazia, maana hasira ilikuwa imeshampita Zam. "Nizianike uani, wake za askari wapite wazihesabu? Ee pazia, muulize huyo bwana, kama anataka na meno yangu niyatoe niyaweke kwenye sahani."

"Zam, mwambie Mama na ule mkeka wa kuswalia, na picha ya marehemu. Marehemu akiniona?"

"Marehemu angekuchapa."

Lakini alizitoa. Alitoa godoro la majani, likavuja njia nzima. Alitoa gomesi sita, mashuka, sanduku la bati, kamisi ambayo aliifunika kwa gunia kwanza, na kila alichotupa uani alikitajia jina la Wahabu. Kuku walikimbia. Mwanamke wa jirani akachungulia juu ya ua akauliza kama kuna anayehama.

"Nahamishwa," Mastulah alijibu. "Na mwanaume niliyemchinjia."

Jua lilikuwa limepanda. Kitanda ndicho kilichobaki: mbao za mvule alizochonga Jamiru mwenyewe humo humo chumbani bila kupima mlango. Walikiinamisha, kikakwama. Wakakigeuza, kikakwama vibaya zaidi, miguu miwili sebuleni na miwili chumbani. Zam alivuta kutoka huku, mama yake akasukuma kutoka kule, yuko ndani kabisa, chini ya sanduku la fyuzi, amenaswa nyuma ya mbao kama mbuzi zizini. Kwa mbali, upande wa msikiti, mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, adhuhuri inakaribia.

"Kikate kwa shoka," Zam alisema, akihema.

"Kitanda cha babako?"

"Basi utalala humo na betri zako."

Mastulah aliketi juu ya ubao wa kitanda, leso imemteleza mabegani, mvi zote nje. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Hakulia. Alikuwa na hasira ya watu watano. "Mwambie mumeo," alianza, na hakujali tena nani anasikia. "Mwambie nimetoa nguo zangu mbele ya kuku na majirani. Nimemtoa marehemu ukutani. Mtoto wa mtu atazaliwa gizani kesho kutwa, mamake atavuja damu asionekane, kwa sababu mwanaume mzima anaogopa mikono yake. Mimi sina cha kutetemeka, nimetetemeka vya kutosha tangu wachukue gari. Mwambie akae hapo chini ya dirisha mpaka aote uyoga. Nitapanda juu ya kitanda hiki mwenyewe, nishike waya kwa meno, na nikifa mwambie asinizike, maana hata kaburini atasema hawezi ku—"

Pazia la sebule lilisogezwa. Wahabu aliingia, kinyumenyume, mgongo mbele na macho yameelekea nje alikotoka, koleo mkono mmoja na bunda la waya mnene limening'inia begani. Alihisi kitanda kwa kisigino, akainua mguu, akakivuka.

Mastulah alivuta leso, akajifunika uso mpaka kifuani, na juu ya kichwa chake koleo likaanza kulia kwenye sanduku la fyuzi.