Mwiko wa Mama Sikujua

Majaliwa wa Nyahanga alikuwa mchonga miiko, na ungemsikia anavyojisifu ungedhani miti yote ya Kahama imemea kwa idhini yake. Mninga kwa ugali, mkola kwa upawa, na ukimpa kibanzi amefumba macho atakutajia mti wake kwa kukilamba tu. Mwiko haukutoka mikononi mwake kabla hajaukorogea uji wa mtama na kuuonja. Mafundi waliouza bila kuonja aliwasema sokoni mpaka wakamkwepa. Mke hakuwa naye. Uji wote huo, miaka arobaini na miwili, aliunywa peke yake.

Mwaka sabini na nne akaagizwa mwiko na Zuwena, mama Sikujua, mjane aliyeuza chakula stendi. Majaliwa alimpenda tangu masika, kwa siri ambayo stendi nzima iliijua. Akachagua gogo jekundu lililokauka vizuri, akachonga, akapiga msasa hadi mwiko ukang'aa, akaupeleka mbio. Uji hakuukumbuka hata kidogo.

Kesho yake mchana Jilala, dereva wa lori la pamba, aliisukuma sahani yake. "Mayu, mama yetu, leo umetupikia dawa?"

Wengine nao wakatema. Zuwena akaagiza Majaliwa aitwe, akamkalisha mbele ya wateja, akamwekea ugali. "Haya fundi, kula uniambie."

Tonge la kwanza tu akajua. Mwarobaini! Mti ambao hata mtoto mwenye homa hadanganyiki nao. Akikiri, jina lake limekwisha. Akisema mtamu, Zuwena hatamwamini tena maishani. Maskini, akalimeza tonge.

"Mchungu," akasema. "Ni mwarobaini. Sikuuonja."

"Wewe? Usionje wewe?"

"Nilikuwa na haraka ya kukuona."

Stendi ikaangua kicheko. Zuwena akainamia sufuria yake. "Kanichongee mwingine," akasema.

Majaliwa akaleta wa mninga, akaambiwa mzito. Wa mkola, mpini mfupi. Kila mmoja aliuonjea palepale jikoni, kisha akabakizwa kwa chai. Wa sita haukuwa na kasoro yoyote. Zuwena akaugeuzageuza.

"Huu nao sijaupenda. Kesho lete mwingine."

Majaliwa akainuka abishe, akamwona anavyojibana asicheke, akaketi. Jioni ile alikwenda kutafuta mshenga.